Enameli inayopasuka usiku: tazama mgongo wa kidani kabla ya kulaumu unga

SWALI: Natengeneza hereni na vidani vya shaba. Karibuni nimeanza kuweka enameli ya kuchoma, ule unga wa kioo unaoyeyushwa juu ya metali. Natumia bati la shaba nyekundu lenye unene wa nusu milimita, nalikata umbo la duara au jani, nalisugua kwa msasa, nachekecha unga juu yake, kisha nachoma kwa tochi ya gesi. Likitoka motoni linang'aa vizuri sana. Naliacha lipoe, na nikiwa na haraka nalipuliza au kuliweka juu ya bamba la chuma. Baada ya saa chache, mara nyingine kesho yake, nasikia “tik”, na nikienda nakuta vipande vya kioo mezani. Nimekwaruza shaba kwa tupa ili kioo kishike. Nimeongeza tabaka la pili na la tatu ili kiwe imara, na hali ikazidi kuwa mbaya. Kwenye shaba ya njano ndiyo usiseme: unatoa povu na kubanduka wote. Wateja wawili wamenirudishia hereni. Je, nimeuziwa unga mbovu? Ninunue tanuri la umeme? Au niachane na moto, nitumie ile rangi ya resini ambayo nayo wengine wanaiita enameli?

JIBU: Naelewa kinachokukatisha tamaa. Kazi ingeharibika motoni ungejua umekosea wapi, lakini yako inatoka safi, unaifurahia, halafu inavunjika wakati hakuna aliyeigusa. Niseme mapema kwamba sidhani umeuziwa unga mbovu. Unga uliochafuka hujionyesha pale pale motoni: unatoka na ukungu, na vitundu, na madoa. Wako unayeyuka na kung'aa. Nikisoma maelezo yako yote, naona umeeleza kwa makini kila unachoufanyia uso wa kidani, na hukutaja mgongo wake hata mara moja. Huko ndiko tatizo liliko.

Kwanza tuondoe dhana moja ambayo karibu kila anayeanza huwa nayo, kwamba enameli ikibanduka basi haikushika. Kwa kawaida imeshika vizuri mno. Kioo kikiyeyuka juu ya shaba, kwenye joto la kati ya nyuzi 750 na 850 za Selsiasi, kinayeyusha ile ngozi nyembamba ya oksidi iliyojitengeneza juu ya metali na kuungana nayo. Pale katikati hakuna gundi, wala kioo hakikushikilia mikwaruzo. Ni muungano wa kikemia, na ndiyo maana kukwaruza kwa tupa hakujakusaidia. Msasa laini unatosha, maana kazi yake ni kusafisha. Mikwaruzo mirefu itakutia hasara tu siku utakapotumia enameli angavu, ile inayopitisha mwanga, kwa sababu itaonekana yote chini ya kioo.

Sasa, vitu hivi viwili vilivyoungana havitanuki wala kusinyaa kwa kiasi kimoja. Ukanda wa shaba wenye urefu wa milimita 100 ukipashwa joto kwa nyuzi 100 zaidi, unarefuka karibu milimita 0.17. Enameli iliyotengenezwa kwa ajili ya shaba inarefuka kama milimita 0.1 hivi. Kipande kikiwa motoni tofauti hiyo haina madhara, kwa kuwa kioo ni laini na kinafuata metali inakokwenda. Kikianza kupoa, kioo kinakakamaa kikiwa bado na joto la nyuzi mia nne na kitu au mia tano, na kuanzia hapo vimefungana. Shaba inaendelea kusinyaa kwa kasi yake, kioo kwa yake. Kwenye kidani cha upana wa sentimita 4, hadi kipoe kabisa, shaba inataka kuwa fupi kuliko kioo kwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kidogo kwa macho. Kwa kioo kisichojua kunyumbuka, ni kingi mno.

Watengenezaji wa enameli waliikusudia tofauti hiyo. Metali ikisinyaa zaidi, inakibana kioo, na kioo kinavumilia sana kubanwa. Kisichokiweza ni kuvutwa. Laiti kipande chako kingebaki kilivyo, kubanwa huko kungekilinda. Lakini bati la nusu milimita halina nguvu ya kubaki lilivyo. Lina kioo upande mmoja na mwingine hauna kitu, kwa hiyo linajipinda. Anayeshona nguo anaijua hali hii: ukiunganisha vitambaa viwili, kimoja kikaja kusinyaa kikifuliwa, nguo yote inajikunja kuelekea upande wa kile kilichosinyaa. Kidani chako kinajikunja kuelekea upande wa shaba. Kioo kinabaki upande wa nje wa ule mpindo, na uso wake, uliotakiwa kubanwa, sasa unavutwa. Chukua rula iliyonyooka uisimamishe juu ya kipande ambacho hakijapasuka. Nadhani utaona mwanga ukipenya kwenye kingo.

Kwa hiyo kuongeza tabaka la pili na la tatu kulizidisha ugomvi. Kioo kikiwa kinene na metali ni nyembamba, kioo ndicho kinachotawala, mvutano unaongezeka, na kingo ndizo zinazoanza kuachia.

Na kwa nini kisubiri hadi usiku? Kioo kinachovutwa hakivunjiki papo hapo kila mara. Juu yake huwa na nyufa ndogo ambazo jicho halizioni, na unyevu wa hewani unapenya kwenye ncha za nyufa hizo na kuzirefusha kidogo kidogo. Ufa ukifikia urefu fulani unakimbia wote kwa mkupuo. Ile “tik” yako ndiyo mwisho wa safari iliyoanza ulipokitoa kipande motoni.

Hayo ni maelezo yangu kwa kuusoma ujumbe wako tu. Yahakikishe kwa macho. Okota kipande cha kioo kilichobanduka, ukigeuze, ukitazame kwa lenzi ya kukuza huku ukiangalia na pale kilipotoka. Ukiona kwenye shaba kumebaki utando mwembamba wa kioo, yaani ukipitisha ncha ya sindano inateleza na bado pana mng'ao wa kioo, basi kioo kimevunjika ndani ya kioo chenyewe. Muungano ni mzima, na shida ni mvutano niliouelezea. Ukiona shaba tupu, au mgongo wa kile kipande umebeba ngozi nyeusi, basi kioo kilikaa juu ya oksidi nene au mafuta na hakikuifikia metali. Hapo kosa ni usafi, au ulichoma polepole mno hadi shaba ikaota magamba kabla kioo hakijaifunika. Mara nyingine utakuta yote mawili kwenye kipande kimoja: katikati utando wa kioo, kingoni weusi.

Usichanganye pia sauti. Kipande ambacho mgongo wake ni shaba tupu hulia “tik, tik” mfululizo dakika za kwanza kinapopoa. Mara nyingi hiyo si sauti ya kioo. Ni magamba meusi ya oksidi yanayoruka kutoka mgongoni. Hayo hayavunji kitu, ila yana tabia ya kurukia kazi ya jirani ambayo bado ni unga, na ukichoma unapata vidoa vyeusi usivyojua vimetoka wapi.

Tiba yake ni ya zamani: weka enameli na mgongoni. Metali ikiwa katikati na kioo pande zote mbili, kila upande unavuta kwa nguvu ile ile, na kipande hakina pa kupinda. Tabaka la nyuma liwe na unene unaokaribiana na la mbele. Usilionee huruma ukidhani halionekani. Wengi wanaojaribu njia hii na kushindwa ni wale waliopaka nyuma utando mwembamba wa kutimiza wajibu, kisha mbele wakaweka matabaka manne.

Anza na mgongo. Kata bati, kisha libonyeze kidogo liwe na tumbo badala ya kuliacha bapa. Fundi wa fedha hutumia kibao chenye shimo la mviringo na nyundo ya mti, lakini hata mfuko wa mchanga unafaa. Tumbo dogo tu linalipa bati ukakamavu ambao bapa hauna. Pasha joto ili kuunguza mafuta, tia kwenye maji ya moto yenye asidi ya sitriki (vijiko viwili vya chakula vya unga wake kwa nusu lita ya maji vinatosha), kisha sugua kwa brashi chini ya bomba. Kipimo cha usafi ni hiki: maji yasambae juu ya shaba kama utando mmoja. Yakijikusanya kuwa matone, bado pana mafuta, pengine ya vidole vyako mwenyewe. Kuanzia hapo shika kipande kwa kingo.

Paka maji yenye gundi nyepesi ya selulosi, kisha chekecha unga ukianzia kingoni na kuingia katikati, kwa sababu kingo ndizo zinazopata unga kidogo na kuungua kwanza. Acha kikauke kabisa kabisa, juu ya tofali lenye joto ukitaka. Maji yaliyobaki yatageuka mvuke na kuurusha unga. Kwa mgongo chagua rangi nzito isiyopitisha mwanga, nyeusi au buluu iliyokoza, kwa kuwa itapigwa na mwali baadaye na haitaonyesha. Mafundi wengi hutumia mabaki ya unga wa rangi mbalimbali yaliyochanganyika, na ni akiba nzuri mradi yote ni ya aina moja. Usichanganye unga wa zamani wenye risasi na ule usio na risasi. Hazilingani kwa kutanuka wala kwa namna zinavyotulia juu ya metali, na unaweza kurudi pale pale ulipoanzia.

Choma, acha kipoe, kisha rudisha kwenye maji ya sitriki kuondoa weusi wa uso wa mbele. Sugua, fanya tena kile kipimo cha maji, na sasa weka unga wa mbele. Matabaka mawili membamba yanayochomwa moja baada ya jingine ni bora kuliko moja nene. Unga ufunike tu hadi shaba isionekane. Ukitumia enameli angavu, uoshe unga kwanza: weka kwenye glasi, mimina maji, koroga, subiri punje zitue, mwaga yale maji ya maziwa yaliyobaki juu, rudia hadi maji yawe safi bila ukungu. Vumbi jembamba linalomwagika ndilo linaloleta ukungu ndani ya kioo.

Wakati wa kuchoma upande wa pili, kidani kikalie kingo zake juu ya kigari cha miguu mitatu, yaani stendi ndogo inayobeba kazi juu ya wavu wa kuchomea, mgongo usiguse wavu, la sivyo kioo cha nyuma kitalainika na kunata. Moto utoke chini, tochi ikizunguka bila kutulia mahali pamoja. Usiruhusu ulimi wa moto kulamba uso wa mbele: mwali usiopata hewa ya kutosha unanyang'anya oksijeni iliyo kwenye rangi, na rangi nyekundu na zile angavu ndizo zinazoumia zaidi. Tazama hatua zinavyofuatana. Unga unageuka mweusi, unakuwa chembechembe, kisha uso unakuwa na vijitundu, hatua tunayoiita ganda la chungwa, halafu ghafla unatulia na kung'aa huku kipande chote kikiwa chekundu. Ukiona uso umekuwa laini kama maji, ondoa moto. Kipande kidogo kinachukua dakika moja hadi tatu. Ukizidisha, kingo zinageuka kijani au nyeusi na kioo kinajivuta kuelekea katikati.

Halafu acha mkono. Usipulize, na lile bamba la chuma liwekee kazi nyingine. Linanyonya joto upande mmoja tu, na kioo kinapata mshtuko juu ya mvutano ambao tayari kinao. Kiache pale pale kwenye kigari chake, mbali na feni na dirisha, hadi uweze kukigusa kwa mkono.

Ipo njia ya pili isiyohitaji enameli ya mgongoni, nayo ni metali nene. Ukichimba vijishimo kwenye bati la shaba la milimita 1.5 au zaidi na kujaza enameli ndani yake, metali inakuwa na nguvu ya kutojipinda, na kuta za vijishimo zinakishika kioo vipande vidogo vidogo. Mtindo huu Ulaya huitwa shampleve. Mji wa Limoges, Ufaransa, unaonyesha njia zote mbili vizuri kuliko maelezo yangu. Katika karne ya 12 mafundi wake walitia enameli kwenye vijishimo vilivyochimbwa katika mabamba ya shaba nene, na migongo mingi ya kazi zile ni metali tupu. Walipohamia kwenye picha zilizochorwa kwa enameli juu ya shaba nyembamba, mwishoni mwa karne ya 15 na katika ya 16, mambo yalibadilika: bati likapewa tumbo kidogo, na mgongo ukapakwa enameli. Ukipata nafasi ya kuona kazi hizo kwenye jumba la makumbusho, zunguka uone upande wa nyuma. Wewe, kwa hereni, naona njia ya mgongo inakufaa zaidi, kwa kuwa shaba nene ni nzito sikioni. Kwa vidani na bizimu, jaribu zote mbili.

Bati la nusu milimita unaweza kuendelea nalo kwa hereni ndogo zenye tumbo na enameli pande zote. Vipande bapa, au vinavyozidi sentimita 3 hivi, vifanye kwa milimita 0.8 hadi 1. Utalalamikia mkasi, lakini utalala.

Shaba ya njano ni habari nyingine kabisa, na hapa sitakupa ujanja. Ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907. Hata chini ya hapo inatoroka juu ya uso wa metali ikiwa moto, inatengeneza oksidi yake nyeupe, na mvuke wake unatoboa kioo kikiwa laini. Ndilo povu uliloliona. Hata kipande kinachoonekana kimefanikiwa huwa kinaachia baada ya siku au wiki. Zipo aloi zenye zinki kidogo, kama asilimia 5, ambazo mafundi huzitumia kwa enameli na zinakubali. Shaba ya njano ya kawaida ina zinki mara nyingi zaidi ya hapo. Iache. Zaidi ya kuharibu kazi, mafusho ya zinki yanaleta homa ya mafusho ya metali: saa kadhaa baada ya kazi unapata baridi ya kutetemeka, homa, kifua kubana na ladha ya chuma mdomoni, ukadhani ni malaria au mafua.

Kama unafikiria kuhamia fedha, tumia fedha safi ya asilimia 99.9. Fedha ya 925 ina asilimia 7.5 ya vitu vingine, kwa kawaida shaba, na huanza kulainika karibu na nyuzi 780 hadi 800, mle mle ambamo enameli inachomwa. Wapo wanaoiweza, kwa kuipasha moto na kuiosha kwa asidi mara kadhaa hadi uso ubaki na fedha tupu, ila si mahali pa kuanzia.

Na kulabu za hereni? Hukuniuliza, lakini umesema hereni, na najua swali hilo linakuja. Toboa tundu kabla ya enameli na upitishe kulabu mwishoni, bila moto wowote. Lehemu ya kawaida ya fedha ikiwa chini ya kioo mara nyingi huacha vitundu na doa, na ukilehemu baada ya enameli utakipasua kioo. Tundu la milimita 1.5 linatosha, ila lisafishe unga kwa sindano kabla ya kuchoma, la sivyo litaziba.

Sasa tanuri. Ungenunua tanuri leo na kuendelea na bati lile lile lenye mgongo mtupu, lingekupasukia vile vile, tena kwa gharama zaidi. Tochi inachoma vipande vidogo vizuri kabisa. Tanuri lina faida za kweli: joto linatoka pande zote kwa pamoja, unalijua kwa namba badala ya kukisia kwa rangi ya moto, hakuna mwali unaochafua rangi, na unaweza kurudia kesho kile ulichokipata leo. Ukianza kufanya vipande vikubwa, au ule mtindo wa vijumba vya waya mwembamba wenye kuchomwa mara sita au saba, tochi itakuchosha na hapo tanuri litakuwa halali yako. Ukinunua, hakikisha lina kipimajoto na mlango unaofunguka haraka. Kwa sasa pesa hiyo itafaa zaidi kwenye shaba nene kidogo na unga wa mgongoni.

Resini nayo haina dhambi, lakini ni kitu kingine. Ni plastiki inayoganda kwa kemikali, haipiti motoni, na haina ugumu wa kioo. Inakwaruzika, mwanga wa jua unaifanya njano kadiri miaka inavyokwenda, na haipendi joto. Kwa upande wake ni nyepesi, inanyumbuka kidogo, na inakubali shaba ya njano bila ubishi. Kama una maumbo ya shaba ya njano ambayo wateja wanayapenda, resini ni jibu la heshima. Sharti langu ni moja: mwambie mteja ni resini. Anayelipia kioo kilichopita motoni apewe kioo kilichopita motoni. Usije ukakipasha moto kipande chenye resini kwa kisingizio chochote, maana moshi wake ni sumu.

Kuhusu afya sitarefusha, ila usiruke aya hii. Unga wa enameli ni vumbi la kioo, na baadhi ya rangi, hasa nyekundu na njano, zinaweza kuwa na kadimiamu, metali yenye sumu. Unga wa zamani unaweza kuwa na risasi. Chekecha ukiwa na barakoa ya kuzuia vumbi jembamba, ile inayobana uso, kitambaa hakitoshi. Futa meza kwa kitambaa chenye maji, usifagie kikavu. Usile wala kunywa pale, na vijiko vya kazi visirudi jikoni. Choma mahali penye hewa inayopita, vaa miwani, na kagua bomba la gesi kwa maji ya sabuni kila unapobadilisha mtungi.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Ukipata ile homa ya kutetemeka baada ya kuchoma shaba ya njano, au kifua kikabana, nenda hospitali na umweleze daktari ulichokuwa unachoma, usiache akisie. Kama umekuwa ukitumia unga usiojua kama una risasi, na nyumbani kuna mjamzito au watoto wanaopita kwenye meza yako, omba kipimo cha risasi kwenye damu. Kwa ufundi wenyewe, ukifuata yote haya na bado kioo kinabanduka, chukua vipande vitatu vilivyoharibika, ukiviacha hivyo hivyo na vipande vyake vya kioo kwenye bahasha, umwendee fundi mwenye kuchoma enameli na umwombe akutazame ukichoma mara moja. Anayejua ataona kosa lako kwenye mkono wako haraka kuliko ninavyoweza kulisoma. Na akija mteja na kitu cha thamani cha kurithi, dhahabu au kazi yenye mawe, enameli yake imepasuka, usikijaribie. Kazi hiyo ni ya mtu aliyeifanya kwa miaka.

Vipande vyako vya shaba nyekundu vilivyopata nyufa bila kupoteza kioo usivitupe. Safisha mgongo, weka enameli ya nyuma, kipashe joto taratibu kwanza kwa kukisogeza moto ukiwa mbali, kisha choma hadi kiyeyuke. Ufa unajifunga wenyewe. Palipopotea kioo, sugua shaba hadi ing'ae, jaza unga, choma. Vile vya shaba ya njano havina dawa.

Hereni ulizouza ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Kama zilitoka kwenye mkono ule ule, bati la nusu milimita na mgongo mtupu, basi wale wateja wawili ni wa kwanza tu. Kipande cha enameli kinachoruka kina makali ya wembe, na hereni ziko karibu na shingo na macho. Waarifu wote uliowauzia, waache kuzivaa, uzirudishe na kuwapa nyingine ukishachoma zenye enameli pande zote mbili na kuziweka juma zima bila kusikia “tik”.